Kichaka cha Mbega

Tumemzika Zakaria, mtoto wa shangazi yangu, kihambani kwao Meru, katika shamba la migomba la ukoo juu ya barabara ya Moshi, na baada ya mazishi watu waliketi kivulini mwa mikaratusi wakingoja chakula. Kijana mmoja aliyesomea kilimo, amevaa tai na viatu vyenye vumbi, akaitazama miti ile akasema ni miti mibaya. Inakunywa maji, akasema, ndiyo maana kijito cha hapo chini kimebaki jina tu, na ingefaa ing'olewe yote. Mzee mmoja wa kanisa aliyekuja kutoka Kikatiti akamkatiza: "Wewe mtoto, nyamaza. Paa la kanisa ulilobatiziwa limetoka wapi? Wajerumani walikuwa wakali, lakini miti waliijua." Kijana akasema paa lingeweza kutoka kwenye mringaringa, mti wa kienyeji. Mzee akasema mringaringa hukua polepole, ungemngoja babu yake kijana afe kwanza. Wakabishana hivyo mpaka wali ukaletwa. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha mbele walichoniwekea kwa kuwa ndimi mkubwa niliyebaki katika nyumba ile, na kila aliyepita aliniamkia shikamoo kwa adabu, lakini hakuna aliyeniuliza neno. Nilikuwapo miti ile ilipopandwa. Mashimo mengine niliyachimba kwa mikono yangu. Nimerudi nyumbani nikaona kwamba Zakaria amekwisha kwenda, na mbali na mimi hakuna tena anayejua mwaka ule ulikuwaje. Niliyoyaona kwa macho nitayaandika kuwa niliyaona, na niliyoyasikia nitasema ni ya kusikia.

Ulikuwa wakati wa Wajerumani, miaka michache kabla ya vita vyao na Waingereza. Nilikuwa msichana mkubwa, posa zimeanza kuja, nikapelekwa kukaa kwa shangazi kwa sababu alikuwa mjane na mguu wake mmoja ulikuwa na kidonda kisichotaka kupona. Nyumba yake ilikuwa msonge wa nyasi, ng'ombe upande mmoja na sisi upande mwingine, na moshi umeipaka miti ya ndani rangi nyeusi inayong'aa kama mafuta. Mbele ya nyumba kulikuwa na migomba. Nyuma yake ardhi iliteremka ghafla hadi kwenye chemchemi, na kuizunguka chemchemi kulikuwa na kichaka kikubwa cha miti ya zamani: mringaringa, mfuruanje, na mikuyu yenye mizizi iliyokaa juu ya mawe kama watu waliochuchumaa. Humo ndimo walimoishi mbega. Mtu ambaye hajawahi kuona mbega akiruka ataniwia radhi nikishindwa kumweleza. Ni mnyama mweusi mwenye nywele ndefu nyeupe mabegani na kwenye mkia, na akijitupa kutoka mti hadi mti nywele zile hufunguka, ukadhani mtu ametupa shuka hewani. Mtoto wake huzaliwa mweupe mwili mzima, na majike wote hugombania kumbeba.

Kila alfajiri, kabla hata ya kuwasha moto, shangazi alitoka na maziwa mgando katika kibuyu, akageuza kinu, akakikalia na kusikiliza. Mbega walinguruma kwa zamu, kwanza wale wa kwetu, kisha wengine wa mbali juu mlimani. Wakinyamaza asubuhi hiyo, alijua ukungu utakaa na hakuanika ulezi. Aliwajua mmoja mmoja. Dume kubwa lilikuwa na mkia uliokatika, akaliita Mkia Mfupi na kulisema kama jirani: "Leo Mkia Mfupi kaamka na hasira, wake zake wamemnyima." Katika ukoo ule hakuna aliyewahi kumpiga mbega wa kichaka kile, ingawa ngozi yake ilitafutwa sana na wacheza ngoma. Nilipouliza kwa nini, shangazi alinishangaa. "Wewe ungempiga anayekulindia maji?"

Mtu mwingine aliyekuja kuwatazama mbega alikuwa Mzungu. Watu walimwita Bwana Miti kwa sababu kazi yake serikalini ilikuwa misitu. Nyumba yake ya mawe ilikuwa kati ya kwetu na boma la Arusha, na kando yake alikuwa na bustani ya miche iliyotoka nchi za mbali. Alikuwa mrefu, pua imebabuka kwa jua, na alipenda wanyama kweli. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli, wala si kwa kumsifu. Alikuja kabla jua halijapanda, akaketi kwenye jiwe na darubini yake, hakukohoa, hakuvuta tumbaku, hata ndege hondohondo walishuka kula tini juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo. Shangazi alimtazama siku nyingi kutoka kwenye kinu chake, kisha akatoa hukumu: "Mtu anayejua kunyamaza mbele ya mnyama si mtu mbaya." Asubuhi moja Bwana Miti aliniashiria nisogee, akaniwekea darubini machoni. Nikaliona jicho la Mkia Mfupi, la rangi ya kahawia, likinitazama karibu kama jicho la mtu niliyekaa naye jikoni. Sijawahi kupewa kitu kizuri zaidi ya kile na Mzungu yeyote, na mpaka leo sijui nikiweke wapi.

Zakaria ndiye aliyenitafutia kazi nyumbani kwa Bwana Miti. Alikuwa amesoma shule ya misheni na ndiyo kwanza amebatizwa. Mama yake hakulikubali jina jipya. Ukimwuliza, "Zakaria yuko wapi?" alijibu, "Huyo simjui. Mimi nilimzaa Ndosi." Zakaria alikuwa karani wa bustani ya miche, akilala huko na kuja kwa mama yake Jumapili na kitabu kwapani. Mimi niliwekwa jikoni chini ya mpishi, Feruzi, mtu wa Pangani aliyewahi kuwapikia Wajerumani Tanga na kuijua lugha yao. Kiswahili changu karibu chote nimekipata kwa matusi yake. "Wewe mtoto wa mgombani," alisema, "sufuria haisukumwi kwa mguu. Na mtu mzima humwambii 'jambo' kama unaita mbuzi. Sema shikamoo." Nikasema shikamoo. "Marahaba. Umeanza kuwa mtu." Alituonea huruma kwa vyakula vyetu. "Ndizi asubuhi, ndizi mchana, ndizi na maharage, ndizi na maziwa. Nyinyi mkifa mtaota migomba makaburini." Nikamwambia yeye akifa ataota mnazi, tena huku kwetu kwenye baridi, na hautazaa. Alicheka mpaka akashika meza. Tangu siku hiyo alinitafsiria yote yaliyosemwa mezani, kwa sauti ya chini, akikoroga supu.

Mezani walisema sana habari za miti. Jumapili mchungaji wa misheni alikuja kula, na mara nyingine Kaburu mmoja aliyekuwa na shamba la ng'ombe upande wa tambarare. Kaburu hakuipenda mikaratusi. Kwao, alisema, aliona mto ukikauka baada ya kupandwa miti hiyo kandokando yake, na baba yake aliikata yote lakini visiki vikachipua tena. Bwana Miti alimwambia kwamba huku kuna mlima unaoshusha maji mwaka mzima, na kwamba boma linataka nguzo na kuni, na reli inakuja. Mchungaji alisema yeye hajui mambo ya mito, ila mringaringa anaouhitaji kwa kanisa umekwisha katika misitu ya karibu, na mti unaofaa kwa kazi baada ya miaka michache ni neema. Kaburu akasema, "Neema ya kukopa." Mimi nikaondoa sahani. Nilifikiri ni maneno ya Wazungu, na kwamba yangebaki mezani pale pamoja na makombo.

Vuli ilipokwisha jumbe akapita nyumba kwa nyumba akitangaza amri. Kila mwenye malisho yasiyolimwa mteremkoni atapokea miche ya serikali, ataipanda na kuitunza. Halafu, alipofika kwa shangazi, akaongeza jambo moja akiwa anatazama ng'ombe: kichaka cha chemchemi kitakatwa, maana bustani ya miche itahamishiwa pale penye maji. Shangazi alikuwa akikoroga loshoro ya mahindi na maziwa. Hakuacha kukoroga. Jumapili Zakaria alipokuja, alimwekea bakuli mbele yake na kumwambia, "Kula kwanza, halafu unieleze bwana wako anataka nini."

Nayakumbuka maneno yao kwa sababu yalirudiwa Jumapili nyingi, na kila mmoja alikuwa na haki yake. Zakaria alisema, "Mama, mti huu ukiupanda leo, mimi nikija kuoa unajenga nyumba nao. Umenyooka kama mkuki. Mringaringa utaningojea mpaka nizeeke."

"Ukizeeka kuna ubaya gani?"

"Tunatembea nusu siku kutafuta nguzo, mama. Wanawake wanabeba kuni mpaka shingo zinapinda. Huyu hapa Ndeshi, mwulize." Ndeshi ni mimi. Nikajishika shingo, kwa sababu ilikuwa inaniuma kweli.

"Nimeuona mti wenyewe," shangazi akasema. "Nilikwenda kwa bwana wako nikakaa chini yake. Hakuna ndege aliyekuja. Majani yake hata mbuzi hayataki."

"Ndio uzuri wake! Mbuzi hawatauharibu."

"Basi nitaupanda kwenye malisho, si nimeshaambiwa? Sikatai. Ila kichaka hapana. Mbega watakwenda wapi?"

"Nani hapa anakamua mbega, mama? Nani anakula mbega?"

Shangazi akamwondolea bakuli mbele yake kabla hajamaliza. "Ndosi aliyezaliwa mwaka wa ukame alikunywa maji ya chemchemi ile wakati mito yote imekauka," akasema. "Zakaria sijui alikunywa wapi."

Hapo ndipo alipofikia uamuzi wa kupeleka isale. Wasomaji wa mlimani wanalijua, lakini kwa wengine nitaeleza. Isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na makaburini. Ukitaka msamaha au amani kwa mtu, hata kama ni adui yako wa damu, unachuma jani lake, unalifunga fundo, unalipaka siagi na kumpelekea. Anaweza kukataa kulishika. Hapo vita viko wazi. Akilishika, neno limekwisha. Hamna shahidi wala kiapo, mkono unaopokea ndio unaosema. Na mpaka jani lirudishwe na yule aliyelipokea, pande zote mbili zimefungwa, na anayevunja, ubaya humfuata yeye na watoto wake. Nilikulia katika dunia ambayo watu walidanganyana kila siku kwa mambo ya ng'ombe na mahari, lakini sikuwahi kusikia mtu aliyeshika isale akadanganya. Halikuwa jambo la kukatazwa. Halikufikirika.

Kwa desturi mwanamume wa ukoo ndiye angelipeleka, lakini wanaume wa ukoo walikuwa wameona watu wakinyongwa bomani, na kila mmoja alipata udhuru. Shangazi akalibeba mwenyewe. Alijipaka mafuta, akavaa kaniki yake mpya, akatembea kwa mguu ule mbovu mpaka barazani kwa Bwana Miti. Zakaria alitafsiri. Mimi na Feruzi tulisimama mlangoni mwa jiko, na haya niliyaona. Shangazi alisema, "Mwambie nitapanda miti yake kwenye malisho yangu yote, nitaipalilia na kuinywesha. Yeye aniachie kichaka na walio ndani yake." Zakaria akasema yote kwa Kiswahili safi, hakupunguza wala hakuongeza. Bwana Miti alisimama kutoka kwenye kiti chake. Akavua kofia. Akalipokea jani kwa mikono miwili, kama tunavyopokea sisi, akalitazama fundo kwa makini, akasema, "Mwambie mama nimesikia, na nimepokea." Zakaria machozi yalimlenga. Alikuwa amempenda Mzungu yule tangu siku ya kwanza, na sasa mama yake na bwana wake walikuwa wamesimama baraza moja. Siku hiyo jioni walikunywa pombe ya mbege kwa shangazi, na wale wanaume wa ukoo wenye udhuru wote walihudhuria.

Jumapili iliyofuata mchungaji alikuja kula. Haya ni ya kusikia, tena kwa kinywa cha Feruzi, kwa hiyo yapimwe hivyo. Mchungaji alimwuliza Bwana Miti kama anajua alichopokea. Bwana Miti akasema anajua sana, aliwahi kuwauliza wazee habari zake, na jani lenyewe amelikausha vizuri maana fundo lake ni zuri kuliko yote aliyowahi kuona. Mchungaji akasema, "Watu hawa wanaamini umeapa." Bwana Miti akajibu, "Waache waamini mpaka masika yaishe. Watu wenye furaha hupanda vizuri." Mwisho wa ya kusikia. Niliyoyaona mimi mwenyewe ni haya: Bwana Miti alicheka, bila ubaya usoni, kama mtu aliyecheza bao akapata. Mchungaji akaweka uma chini. Nikadhani atainuka. Kisha akaomba viazi, nikampelekea.

Jikoni Feruzi alikuwa hanitazami. "Sikutaka kukwambia," akasema. "Lakini ungeniuliza."

"Atakata?"

"Mwanangu, mimi nimewapikia watu hawa tangu sijaota ndevu. Wakisema watakata, hukata. Kanawe uso uende kwenu."

Nilikwenda mbio. Shangazi alikuwa akitayarisha mashimo malishoni, jembe mkononi, akiimba. Nikamwambia yote. Hakukasirika, na hilo lilinitisha kuliko angenipiga. Aliegemea jembe akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyeletewa habari na mgonjwa wa homa. "Feruzi ni mtu wa pwani," akasema. "Pwani hakuna isale. Atajuaje?"

"Mzungu naye kwao hakuna isale, shangazi."

"Alisimama. Alivua kofia. Alipokea kwa mikono miwili. Wewe hukuona?"

"Niliona."

"Basi."

Nikamgeukia Zakaria aliyekuwa amekuja na miche. Yeye akanikemea. Bwana Miti, msomi, Mkristo, mtu anayekula meza moja na mchungaji, atasemaje maneno kama hayo mbele yake? Mchungaji angemkataza. Na mpishi ni mchonganishi, kila mtu bustanini anajua. Nakumbuka waliposimama pale, mama na mtoto ambao mwaka mzima hawakupatana kwa jambo lolote, mmoja akiamini isale na mwingine akiamini kanisa, wakawa kitu kimoja dhidi yangu. Walifurahi kupatana. Shangazi akamwita Zakaria kwa jina la Zakaria, kwa mara ya kwanza, na yeye akachukua jembe mkononi mwa mama yake akaendelea kuchimba.

Masika yale tulipanda. Miche ilikuja ndani ya vikapu vilivyofumwa kwa majani makavu ya mgomba, midogo, yenye harufu kali iliyokaa mikononi hata baada ya kuosha kwa majivu. Malisho ya majirani yalipandwa ovyo, watu wakichomeka mche na kuondoka, wengine wakiuweka kichwa chini makusudi. Ya shangazi yalipandwa kwa kamba. Alichota maji chemchemini siku ambazo mvua haikunyesha, akipanda mteremko ule na kibuyu kichwani, kidonda kikitoa damu. Mbega walikuwa juu yake wakimtazama, na yeye akiwaambia, "Tulieni. Kodi yenu nimeshalipa." Bwana Miti alikuja, akapita kati ya mistari, akasema hajaona shamba la mwenyeji lililopandwa vizuri hivyo. Baadaye akaenda kuketi kwenye jiwe lake na darubini. Alikuwa mtulivu kama siku zote. Nilimtazama mgongo muda mrefu siku ile, nikitafuta alama yoyote.

Kipupwe kilipoingia, wakaja watu wa boma na misumeno na mashoka. Walianzia upande wa chini. Shangazi aliposikia shoka la kwanza alidhani wamekosea mahali, akashuka kuwaelekeza. Msimamizi akamwambia ana amri. Zakaria akakimbia kwa Bwana Miti, na aliporudi alikuwa anatembea. Alimweleza mama yake maneno aliyopewa, neno kwa neno kama alivyozoea: ardhi isiyolimwa haina mwenyewe, na isiyo na mwenyewe ni ya serikali, kichaka hakikulimwa, kwa hiyo hakikuwa cha mama, na mtu hawezi kupewa ahadi juu ya kitu kisicho chake. "Na isale?" shangazi akauliza. Zakaria akasema, "Aliniuliza kama siku ile yeye alitamka neno 'nimekubali'. Nikamwambia hakulitamka."

Miti ilianguka siku baada ya siku, na mbega wakarudi nyuma, mti hadi mti, mpaka wote wakajazana kwenye mkuyu wa mwisho juu ya chemchemi. Hawakujua kukimbia kwa miguu. Mbega akiwa chini ni kama mtu asiyejua kuogelea aliye ndani ya maji. Asubuhi ya kuangusha mkuyu Bwana Miti alikuja na bunduki badala ya darubini. Alikuwa akitaka familia kamili, Feruzi alinieleza baadaye, kwa nyumba kubwa ya kuonyeshea wanyama waliokaushwa huko Ulaya: dume, jike na mtoto aliye bado mweupe. Alijua hasa wapi pa kuwatafuta, alikuwa amewatazama mwaka mzima. Mkia Mfupi hakumpiga, kwa sababu ya mkia wake uliokatika; alipiga dume jingine. Waliobaki waliruka kwenye migomba, na migomba haibebi mbega. Wakaanguka. Na hapa sitaki mtu yeyote adhani kazi yote ilifanywa na Wazungu. Majirani zetu walikuja na fimbo na mapanga, kwa sababu migomba yao ilikuwa inavunjika, na kwa sababu ngozi zile zilikuwa nzuri, na mnyama asiye na kichaka hakuwa tena na mwenyewe. Mkia Mfupi aliuawa nyuma ya zizi la ng'ombe na mtu aliyekuwa amekunywa mbege yetu siku ya isale.

Shangazi alikaa ndani. Kisha siku moja akaoga, akavaa kaniki ileile, akaniambia, "Twende. Wewe utanisemea, Ndosi amechoka." Bwana Miti alitupokea barazani na kuagiza kiti. Shangazi hakukaa.

"Mwambie nimekuja kuchukua isale langu. Akinirudishia, mimi na yeye hatuna neno tena. Nitaing'oa miti yake na kila mtu ataishi kivyake."

Nikamwambia. Bwana Miti akaonekana kusikitika, na nadhani alisikitika kweli. Akasema hana. Amelipeleka Ulaya ndani ya sanduku moja na ngozi. Litawekwa chini ya kioo, pamoja na mbega, na watu wengi watalitazama, na kwenye karatasi kutaandikwa kwamba limetoka Meru. Alidhani hilo litamfariji. Nikalitafsiri lote.

Shangazi akafikiri. "Huko Ulaya, mtu anaweza kwenda akarudi?"

"Yeye anaweza, shangazi."

"Mwambie basi akienda alikumbuke jani langu."

Tukarudi nyumbani. Tulipofika tulimkuta Zakaria malishoni na panga, ameshaanza. Miche ilikuwa imefika kiunoni, na mitatu au minne ya mstari wa kwanza ilikuwa imelala. Alikuwa akilia kwa sauti, mwanamume mzima, akikata. Shangazi akamwendea upesi kuliko nilivyodhani mguu ule unaweza, akamshika mkono.

"Weka chini."

"Mama, ametudanganya!"

"Yeye amevunja, atajua na watoto wake. Mimi jani langu bado liko kwa watu. Nikivunja nami, ubaya utamfuata nani? Nina mtoto mwingine?" Akamnyang'anya panga. "Nilisema nitaitunza. Sikusema nitaitunza akiwa mtu mwema."

Akapiga magoti penye mti uliokatwa nusu, akausimamisha, akauzungushia gamba la mgomba na kuufunga kwa kamba, kama unavyofunga mkono wa mtoto uliovunjika. Zakaria alisimama akimtazama, mikono mitupu. Mimi nikatumwa maji. Nilishuka na kibuyu mpaka chemchemini, katikati ya visiki, jua likinichoma mahali ambapo sikuwahi kuliona jua. Magogo yalikuwa yameburutwa juu ya chemchemi na maji yalikuwa tope tupu. Nikachuchumaa nikangoja yatulie. Yalikawia. Shangazi akaniita kutoka juu kwa sauti yake ya kila siku, akisema nichote hivyo hivyo nipande, mti unanyauka.